Logi za makosa za PostgreSQL: mchakato mama, michakato tanzu na faili moja

PostgreSQL haifanyi kazi zake zote ndani ya mchakato mmoja. Mchakato mama, unaoitwa postmaster, husikiliza mtandao, na kila mteja anapounganishwa huzaa mchakato tanzu wa kumhudumia mteja huyo peke yake. Kando ya hao wapo wa nyuma ya pazia: checkpointer, background writer, walwriter, autovacuum launcher na wafanyakazi wake, na archiver ikiwa umewasha uhifadhi wa WAL (kumbukumbu za mabadiliko zinazoandikwa kabla ya data yenyewe). Seva yenye wateja 100 ina michakato zaidi ya 100, na kila mmoja unaweza kutoa ujumbe wa kosa wakati wowote.

Ujumbe huo hutokea kwenye stderr, njia ya kawaida ya kutolea makosa, yaani namba 2 katika orodha ya mafaili yaliyofunguliwa na mchakato. Mchakato tanzu haufungui faili la logi. Hurithi namba 2 ya mama yake. Kwa hiyo kabla hujagusa kigezo chochote, jua namba 2 inaelekea wapi. Logi nyingi zinazodaiwa "hazipo" zipo, ila zinaandikwa mahali ambapo hakuna aliyetazama.

Maelezo haya ni ya Linux na PostgreSQL 15 kwenda juu. Penye tofauti kwa matoleo ya zamani imetajwa.

Hatua ya 1: Fuata namba 2

Orodhesha michakato:

```
ps -u postgres -o pid,ppid,args
```

Mama ni ule ambao PID yake (namba ya mchakato) inaonekana kwenye safu ya PPID (namba ya mzazi) ya wengine wote. Namba yake pia iko kwenye mstari wa kwanza wa faili la postmaster.pid ndani ya saraka ya data. Sasa itazame namba 2 yake (badilisha njia ya saraka iwe ya kwako):

```
sudo sh -c 'ls -l /proc/$(head -1 /var/lib/pgsql/16/data/postmaster.pid)/fd/2'
```

Ukiona njia ya faili, kila mchakato unaandika moja kwa moja kwenye faili hilo. Ukiona socket, mara nyingi ni journald, huduma ya logi ya systemd. Soma kwa `journalctl -u` na jina la huduma. Ukiona /dev/pts, kuna mtu aliiwasha seva kwa mkono bila chaguo la -l, na ujumbe unamwagika kwenye terminali yake. Ukiona /dev/null, kila ujumbe unaopitia hapo unapotea. Ukiona pipe (paipu, njia ya kupitishia maandishi kati ya michakato), rudi kwenye orodha ya ps utafute mstari wa `postgres: logger`. Ukiwepo, mkusanya logi wa PostgreSQL, mchakato unaopokea ujumbe wa wengine na kuuandika kwenye faili, anafanya kazi. Usipokuwepo, paipu hiyo ni ya kitu kingine, kwa mfano Docker.

Rudia ukaguzi huo kwa PID ya mchakato mmoja wa mteja. Lazima namba 2 yake iende kulekule kwa mama.

Mpangilio wa mwanzo hutegemea vifurushi ulivyosakinisha. Debian na Ubuntu huacha mkusanya logi umezimwa na kuelekeza stderr kwenye /var/log/postgresql/, katika faili kama postgresql-16-main.log. Vifurushi vya RPM vya mradi wa PostgreSQL huwasha mkusanya na kuweka mafaili kwenye saraka ya log ndani ya saraka ya data, moja kwa kila siku ya wiki. Matoleo kabla ya 10 yaliiita saraka hiyo pg_log.

Hatua ya 2: Amua nani aandike kwenye faili

Michakato mingi ikiandika kwenye faili moja bila msimamizi, ujumbe mfupi kwa kawaida hupita salama, lakini ujumbe mrefu unaweza kukatwa na mstari wa mchakato mwingine katikati. Kwenye baadhi ya mifumo michakato inaweza hata kufutiana maandishi. Ndiyo maana ya kuwa na mkusanya logi.

Ukiwasha `logging_collector`, postmaster huunda paipu, huzaa mchakato wa logger, kisha hugeuza stderr yake iingie kwenye paipu hiyo. Watoto wote wanaozaliwa baadaye hurithi mdomo wa paipu. Kila ujumbe hugawanywa vipande visivyozidi kipimo cha PIPE_BUF, ambacho kwenye Linux ni baiti 4096, kwa sababu kerneli huhakikisha maandishi ya ukubwa huo hayachanganywi na ya mwandishi mwingine. Kila kipande hubeba kichwa cha baiti 9: baiti mbili za sifuri, urefu, PID ya mwandishi, na alama zinazoonyesha kama ni kipande cha mwisho. Logger hukusanya vipande kwa PID, huunganisha ujumbe mzima, ndipo huuandika. Kwa hiyo hata kauli ya SQL ya kilobaiti 50 hutoka ikiwa imekamilika.

Kwa seva ya kawaida, kwenye mashine halisi au ya kukodi, washa mkusanya. Kwenye kontena usiuwashe: picha rasmi ya PostgreSQL hutegemea stderr ndipo `docker logs` ionyeshe kitu, na ukiwasha mkusanya ujumbe utajificha kwenye faili ndani ya kontena. Huko weka badala yake mipaka ya `max-size` na `max-file`, maana json-file, kiendeshi cha kawaida cha logi cha Docker, hakina kikomo cha ukubwa usipokiweka.

Syslog, huduma ya logi ya mfumo, ina nafasi yake ikiwa taasisi yako tayari inakusanya logi za seva zote sehemu moja. Ila fahamu tofauti ya msingi: mkusanya wa PostgreSQL umeundwa usipoteze ujumbe, hata kama itabidi mchakato wa mteja usubiri, syslog hupendelea kutupa ujumbe kuliko kusubiri. Journald nayo ina kikomo chake, ambacho kwa kawaida ni ujumbe 10,000 kwa kila sekunde 30 kwa huduma moja, na ziada hutupwa. Siku ya ajali ndiyo siku ujumbe unapofurika, na ndiyo siku unayouhitaji wote.

Hatua ya 3: Weka vigezo

Andika haya kwenye postgresql.conf:

```
logging_collector = on
log_destination = 'stderr,jsonlog'
log_directory = '/var/log/postgresql'
log_filename = 'postgresql-%Y-%m-%d_%H%M%S.log'
log_file_mode = 0640
log_rotation_age = 1d
log_rotation_size = 100MB
log_line_prefix = '%m [%p-%l] %b %q%u@%d %a %h '
log_timezone = 'Africa/Dar_es_Salaam'
log_min_messages = warning
log_min_error_statement = error
log_lock_waits = on
log_temp_files = 10MB
```

Kigezo cha kufikiria kwa makini ni `log_line_prefix`, yaani kiambishi cha mwanzo wa kila mstari. Cha awali ni `'%m [%p] '`, yaani muda na PID tu. PID ni ya lazima, maana bila hiyo huwezi kutenganisha mchakato mmoja na mwingine. `%l` ni namba ya mstari ndani ya kikao. Huanza upya kwa kila mchakato tanzu, hata kama mama amekwisha kuandika mistari mingi. Ukiona PID moja inaruka kutoka mstari wa 7 hadi wa 9, kuna mstari umepotea njiani. `%b` hutaja aina ya mchakato, kama client backend, autovacuum worker au checkpointer, na ilianza toleo la 13. `%q` huambia michakato isiyo na mteja iishie hapo, ili mistari ya checkpointer isijazwe nafasi tupu za jina na anwani. Ukitumia kwa wingi kauli sambamba (zinazogawanywa kwa michakato kadhaa), ongeza `%P`, iliyoanza toleo la 14: hutoa PID ya kiongozi wa kundi, na kosa la mfanyakazi sambamba hurudi kwa mwenye kauli.

Jsonlog, logi ya muundo wa JSON, ilianza toleo la 15. Kwa matoleo ya nyuma tumia csvlog. Zote mbili zinahitaji mkusanya uwe umewashwa. Usipowashwa, ujumbe hurudi stderr kwa muundo wa kawaida.

Saa za `log_timezone` ziwe za mahali wanapofanya kazi wanaozisoma. Seva iliyokodiwa Ulaya mara nyingi huwekwa UTC, na tofauti ya saa tatu na Dar es Salaam au Nairobi inatosha kumfanya mtu atafute kosa la saa nne asubuhi kwenye mistari ya saa saba mchana.

Tayarisha saraka kabla ya kuwasha. Kwenye Debian na Ubuntu ipo tayari, kwingineko:

```
sudo install -d -o postgres -g postgres -m 0750 /var/log/postgresql
```

Ruhusa ya 0640 huwawezesha walio kwenye kundi la postgres kusoma logi bila kuwa msimamizi mkuu. Ndani ya saraka ya data yenye ruhusa ya 0700 hilo lisingewezekana, na hiyo ni sababu nzuri ya kuitoa logi nje.

Hatua ya 4: Washa upya, kisha hakikisha

Kubadili `logging_collector` kunahitaji kuwasha seva upya, kwa sababu paipu huundwa mama anapoanza. Vigezo vingine hapo juu vinatosheka na:

```
SELECT pg_reload_conf();
```

Amri hiyo humfikia mama, naye hupitisha ishara ya SIGHUP kwa watoto wote. Lakini mchakato ulio katikati ya kauli ndefu hausomi mipangilio mipya mpaka kauli iishe. Kwa hiyo kwa muda fulani faili moja linaweza kuwa na mistari ya mtindo wa zamani na mpya. Usidhani mabadiliko yamekataa.

Baada ya kuwasha, utaona kwenye njia ya zamani ya stderr ujumbe wa "redirecting log output to logging collector process", kisha kimya. Kimya hicho ni sahihi. Faili ulilolitaja kwa `pg_ctl -l` litabaki na mistari hiyo michache ya mwanzo tu, na wengi hudanganyika hapo wakidhani logi imekatika. Usilifute: seva ikishindwa kuwaka kabla logger hajazaliwa, sababu itaandikwa humo.

Uliza seva yenyewe:

```
SELECT pg_current_logfile('stderr'), pg_current_logfile('jsonlog');
```

Kisha zalisha kosa la makusudi, `SELECT 1/0;`, uone kama limeandikwa kwenye mafaili yote mawili likiwa na PID sawa na ile ya `SELECT pg_backend_pid();`.

Hatua ya 5: Toa habari za mchakato mmoja

Kwenye faili la maandishi, kwa PID 48213:

```
grep -F '[48213-' postgresql-2025-03-04_000000.log
```

Mistari ya DETAIL, HINT, CONTEXT na STATEMENT hubeba kiambishi chake yenyewe, hivyo grep huipata. Lakini kauli ya SQL yenye mistari mingi huendelea kwa mistari inayoanza na tabo, isiyo na PID, na grep huiacha. Hapo ndipo jsonlog inapolipa:

```
jq -c 'select(.pid == 48213) | [.timestamp, .error_severity, .message, .statement]' postgresql-2025-03-04_000000.json
```

PID hutumika tena na mfumo baada ya mchakato kufa. Ukichunguza siku nzima kwenye seva yenye miunganisho mingi mifupi, tumia `session_id` ya jsonlog, au `%c` kwenye kiambishi. Hiyo huunganisha muda wa kuzaliwa kwa mchakato na PID yake.

Hatua ya 6: Mzunguko wa mafaili

Kwa mkusanya, acha PostgreSQL izungushe yenyewe, na kazi ya cron ifute ya zamani tu:

```
find /var/log/postgresql -name 'postgresql-*' -mtime +14 -delete
```

Ukipendelea mzunguko wa wiki usiohitaji cron, weka `log_filename = 'postgresql-%a.log'`, `log_truncate_on_rotation = on`, na `log_rotation_size = 0`. Kikwazo kimoja: faili la zamani hufutwa maandishi yake kwenye mzunguko wa muda tu, seva inapowaka haligusi. Seva iliyokuwa imezimwa usiku wa manane itafungua postgresql-Tue.log ya wiki iliyopita na kuendeleza chini yake. Kiambishi chenye tarehe kamili ndicho kitakachokuonyesha mpaka uko wapi.

Unapotaka faili jipya papo hapo, kwa mfano kabla ya kazi kubwa ya matengenezo, tumia `SELECT pg_rotate_logfile();` au `pg_ctl logrotate`, iliyoanza toleo la 12.

Kama huna mkusanya na unategemea logrotate ya mfumo, `copytruncate` (nakili faili, kisha futa maandishi yake palepale) ni ya lazima, kwa sababu hakuna njia ya kuwaambia watoto wote wafungue faili jipya. Bei yake ni mistari inayoandikwa kati ya kunakili na kufuta, hiyo hupotea. Pia hakikisha stderr ilifunguliwa kwa kuongeza mwishoni, yaani `>>`. Iliyofunguliwa kwa `>` itaendelea kuandika pale ilipokuwa imefikia, na faili litakuwa na tundu la baiti za sifuri mwanzoni.

Mambo yanayoharibika

Seva imeganda na pg_stat_activity inaonyesha kauli nyingi ziko active bila wait_event (kinachosubiriwa) yoyote, huku CPU ikiwa imetulia. Shuku paipu. Paipu ya Linux kwa kawaida hubeba kilobaiti 64. Logger akikwama kwenye diski ya polepole au saraka ya mtandao, hujaa upesi, na kila mtoto mwenye neno la kuandika husimama kwenye `write`. Thibitisha:

```
sudo cat /proc/48213/wchan
```

Jibu lenye `pipe_write` linamaliza ubishi. Logger mwenyewe haonekani kwenye pg_stat_activity, kwa kuwa amejitenga na kumbukumbu ya pamoja ya seva. Mtafute kwa ps. Tiba ni kuhamishia logi kwenye diski ya hapohapo na kupunguza maneno. Mkosaji wa kawaida ni `log_statement = 'all'`. Mbadala wake ni `log_min_duration_statement = 500ms`, au kuchukua sampuli kwa `log_min_duration_sample` pamoja na `log_statement_sample_rate`, tangu toleo la 13. Ukitaka kumfuatilia mtumiaji mmoja tu:

```
ALTER ROLE ripoti SET log_min_duration_statement = '5s';
```

Hiyo huanza kwa vikao vipya pekee. Vilivyokwisha kufunguliwa havibadiliki.

Umefuta faili kubwa la logi kwa `rm` lakini nafasi ya diski haikurudi: logger bado amelishika. `sudo lsof +L1` italionyesha. Zungusha kwa pg_rotate_logfile, nafasi itaachiliwa.

Diski ikijaa, logger hashikilii alichoshindwa kuandika hadi nafasi ipatikane, kinapotea. Akishindwa kufungua faili jipya, kwa mfano kwa sababu mtu amebadili mmiliki wa saraka, huandika "disabling automatic rotation (use SIGHUP to re-enable)" na kuendelea na faili la zamani bila kikomo. Rekebisha ruhusa, kisha `pg_reload_conf()`. Bila hatua hiyo ya pili mzunguko wa kila siku haurudi.

`archive_command`, amri ya kuhifadhi WAL, inashindwa lakini JSON haina sababu. Ndani yake utapata "archive command failed with exit code 1" na amri yenyewe. Sababu halisi, kama `cp: cannot stat`, imetoka kwa programu ya nje isiyojua vichwa vya baiti 9, logger hupokea maandishi hayo yalivyo na kuyaweka kwenye faili la `.log`. Ndivyo ilivyo pia kwa maktaba za C zinazochapisha moja kwa moja kwenye stderr. Hii ndiyo sababu ya kuweka stderr na jsonlog pamoja kwenye Hatua ya 3.

Mchakato umekufa bila neno lolote la mwisho. Kerneli ikiishiwa kumbukumbu na kuua mtoto kwa ishara ya 9, mtoto huyo hapati nafasi ya kuandika. Taarifa ya kifo huandikwa na mama, kwa PID ya mama: "(PID 48213) was terminated by signal 9: Killed", na mara nyingi mstari wa DETAIL wenye kauli iliyokuwa ikiendeshwa. Kwa hiyo usitafute kiambishi cha `[48213-` peke yake; tafuta namba hiyo popote kwenye mstari, kisha linganisha na `dmesg -T`. Baada ya hapo mama huwaondoa watoto wengine wote na kuanza urejeshaji, ndiyo maana wateja wasiohusika nao hukatwa.

Logger yeye hubaki. Hupuuza SIGTERM, SIGINT na SIGQUIT, na huondoka pale tu wote wanaoandika kwenye paipu wamekwisha, ili hata maneno ya mwisho ya seva inayozimwa yaandikwe. Ukiona bado yupo baada ya kuzima seva, kuna mtoto aliyebaki ameshika paipu, mtafute huyo. Ukimuua logger kwa `kill -9`, mama humzaa mwingine bila kuangusha seva. Kilichomo ndani ya paipu husalimika, kwa kuwa mama hushikilia ncha zote mbili, lakini vipande alivyokuwa hajaviunganisha hupotea.

Kwenye Windows hakuna fork (mchakato kujinakili), kwa hiyo kila mtoto huanzishwa kama programu mpya. Seva ikiendeshwa kama huduma, makosa ya mwanzo kabisa, kabla mkusanya hajaanza, huingia Event Viewer. Anzia huko kama haiwaki na saraka ya logi ni tupu.

Jambo la mwisho ni nywila. `log_statement = 'ddl'` huandika `ALTER ROLE ... PASSWORD` jinsi ilivyoandikwa, na kauli ya namna hiyo ikifanya kosa huandikwa pia kupitia `log_min_error_statement`. Badilisha nywila kwa `\password` ndani ya psql. Hiyo huifumba upande wa mteja kabla ya kuituma, na kinachobaki kwenye logi ni maandishi yaliyokwisha kufumbwa.